Diski Mbili Zisizo na Nukta

Shemeji yangu walimwita Toleo, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimwambia umenunua redio, anauliza, “Toleo gani?” Ukimwambia daktari amekubadilishia dawa, “Toleo gani?” Siku tuliyomzika dada yangu, mkewe, jirani mmoja alisimama kusoma wasifu wa marehemu, na huyu bwana akaniinamia sikioni: “Shemeji, hilo ni toleo la kwanza. Masahihisho niliyoandika jana hayamo.” Nilitaka kumzaba kofi pale pale. Kisha nikasikia pumzi zake zinavyokatika, nikamwacha.

Mimi sioni. Kwetu macho huzimika, kama kwa wengine nywele zinavyonyonyoka. Yangu yalizimika nikiwa na miaka tisa. Ya mtoto wa dada yangu hayakuwahi kuwaka. Mama yake alipofariki mtoto alikuwa na miaka sita, nikafunga virago nikahamia kwa shemeji kumlea. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo. Aliamka akiongea, akaoga akiongea, akapitiwa na usingizi katikati ya sentensi. Hesabu alizipenda kuliko chakula. Alitaka awe mwalimu wa hesabu wa watoto wasioona, maana walimu wao wote walikuwa wanaoona, wanaandika ubaoni halafu wanasema, “Hii ukijumlisha na hii unapata hii.”

“Hii ipi, mama mdogo?” aliniuliza kila akirudi shule. “Niambie, hii ipi?”

Mimi na Toleo tulifanya kazi jengo moja, ofisi inayochapa vitabu na mitihani ya nukta nundu, yale maandishi ya kusomwa kwa vidole. Korido ilinuka karatasi nene na mafuta ya mashine, na mashine yenyewe ikiwaka ilitwanga kama mvua kubwa juu ya bati. Kazi yangu ilikuwa uhakiki. Kila karatasi ilipita chini ya vidole vyangu kabla ya kwenda shuleni, nami natafuta makosa. Na usidhani ni kazi ya lelemama. Kwenye nukta nundu namba hazina sura zao, zimeazima za herufi. Tano na e ni nukta zile zile mbili. Kinachozitenganisha ni alama ya namba, chumba kimoja, yaani nafasi ya herufi moja, cha nukta nne kinachotangulia. Alama hiyo ikidondoka, tano inageuka e, na karatasi haitakwambia kitu.

Toleo alikuwa fundi wa kompyuta inayoiendesha ile mashine. Miaka kumi na tisa tulikaa vyumba viwili vinavyotazamana, na miaka yote hiyo hakujifunza kusoma nukta. “Kesho, shemeji,” ndilo lilikuwa jibu lake. Chiriku alipokuwa na miaka minane alimtobolea kipande cha karatasi, akakibandika kwenye mfuko wa shati lake. Toleo akauliza kimeandikwa nini.

“Soma mwenyewe, baba.”

Kilibanduka, akakibandika tena kichwa chini miguu juu, akaenda nacho kazini wiki nzima. Mimi na mtoto tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kilikuwa kimeandikwa “baba”. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Nikueleze kidogo mambo yake, maana bila hayo utamlaumu bure, au utamlaumu pungufu. Ndani ya kompyuta kuna programu mama inayoshika kila kitu. Wao huiita kiini. Kiini hakijui chenyewe kuzungumza na mashine kama yetu, iliyotengenezwa na kampuni iliyokwisha kufa. Kwa hiyo huchomekewa kipande cha kukifundisha, moduli. Moduli huandikwa na mtu, kisha hupitishwa kwenye programu nyingine, kompaila, inayoyageuza maandishi ya mtu kuwa lugha ya kompyuta. Hapo ndipo penye mwiba. Kompaila iliyojenga kiini na kompaila iliyojenga moduli sharti ziwe toleo moja. Zikipishana, kiini kinaikatalia moduli mlangoni.

“Kwani zikipishana kidogo tu?” nilimwuliza siku moja tukinywa chai.

“Shemeji, chukua mafundi wawili wa nguo. Mmoja ashone mguu huu wa suruali, mwingine ule, na kila mmoja apime kwa shubiri yake. Wote mafundi, wote wako sahihi. Suruali ndiyo haivaliki.”

“Na huwezi kuilazimisha iingie?”

“Unaweza. Ipo amri. Unakiambia kiini kifumbe macho.” Nikamsikia anakoroga chai isiyokuwa na sukari. “Mimi silazimishi.” Na kweli, juu ya kompyuta ya ofisi alikuwa amebandika karatasi, wenzetu wakanisomea: USILAZIMISHE.

Ukafika mwaka wa mtihani wa mwisho wa Chiriku. Mkuu wa ofisi akaniita chumbani kwake.

“Mama, kanuni inasema ndugu wa mtahiniwa asiguse karatasi. Utapumzika nyumbani.”

“Na Toleo je? Huyo ni baba yake mzazi.”

Akacheka. “Toleo hata nikimpa majibu mkononi hawezi kuyasoma.”

“Sasa nani atahakiki?”

“Faili limeshahakikiwa kwingine. Hapa ni kuchapa tu, mama.”

Kuchapa tu. Neno hilo “tu” nimelichukia tangu siku hiyo, na yeye pamoja nalo. Lakini nilichukua mkoba wangu nikaenda nyumbani, nikakaa.

Siku chache kabla ya kuchapa, diski kuu ya kompyuta ya ofisi ikafa. Wakaleta mpya, na mfumo mpya ukawekwa, wenye kiini kipya. Toleo hakushtuka. Alitafuta kompaila ya toleo lile lile la kiini hicho, akaichoma kwenye diski nyumbani, akaandika jina lake kwa kalamu, akaiweka rafuni juu ya ile diski ya zamani. Kifuniko kile kile, ukubwa ule ule. Kilichozitofautisha ni tarakimu moja ya kalamu. Nilikuwa nimemwambia mara mia aziwekee nukta diski zake, kwani nyumba ile ilikuwa na watu wawili wasioona na mmoja tu anayeona. Kesho, shemeji.

Chiriku akiwa na hofu husafisha nyumba. Juma lile alifuta kila kitu, vikombe, viti, mpaka waya wa pasi. Alifuta na rafu, akivitoa vitu na kuvirudisha.

Alhamisi asubuhi gari la ofisi lilipiga honi nje, Toleo bado anafunga viatu. “Shemeji, nipe hiyo diski ya juu.” Nikanyoosha mkono, nikampa ya juu. Akaitia mfukoni bila kuitazama, akambusu mtoto kichwani, akatoka. Mtu aliyewauliza watu wote toleo maishani mwake, siku hiyo hakuuliza. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Huyu nilipaswa kumwambia.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye, tena na tena, mpaka nikayakariri. Chumba cha kuchapia mitihani kina mlango wa chuma. Simu huachwa nje, mtandao hukatwa, na ukishaingia hutoki mpaka karatasi ya mwisho itiwe bahasha na lakiri. Alijenga moduli, akaichomeka, kiini kikaikataa: matoleo hayafanani. Ndipo alipoitoa diski akasoma tarakimu yake. Aliniambia alikaa sakafuni.

Akagonga mlango. Mkuu wa ofisi akaja upande wa pili.

“Nimebeba diski siyo. Iliyo sahihi iko nyumbani, dakika ishirini tu kwa gari. Tumeni mtu.”

“Humo hakiingii kitu ambacho ofisa wa usalama hajakikagua.”

“Basi mwiteni akague.”

“Alikagua vitu vyako asubuhi, akasafiri. Anarudi Jumatatu.”

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Diski ilikuwa rafuni kwetu, nami nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka hapo nikichambua mchele.

Akajaribu kukijenga kiini chenyewe upya kwa kompaila ile ya zamani. Hakikukubali. Akajaribu hili na lile mpaka Ijumaa alasiri. Mtihani usipochapwa, watoto kumi na wawili wasioona nchini wangeambiwa wasubiri mwaka mwingine. Iliwahi kutokea, na waliosubiri wengi hawakurudi. Mmoja wa kumi na wawili hao alikuwa wake. Liwalo na liwe, akasema. Akaibandua ile karatasi yake ya USILAZIMISHE, maana hakuweza kuandika amri huku ikimtazama, akaandika.

Moduli ikaingia, mashine ikatwanga. Akachapa karatasi ya majaribio, ile ya siku zote yenye herufi zote, mistari kumi. Akaipeleka dirishani, akaipachika juu ya ile ya zamani, akazitazama kwa mwanga nukta moja moja. Zilifanana zote. Huwezi kusema hakuangalia. Aliangalia kwa saa nzima, kwa njia pekee aliyoijua.

Jumamosi jioni alirudi nyumbani akiwa na furaha. Alikula sahani mbili. Alimwambia Chiriku, “Karatasi yako nimeichapa kwa mikono yangu.” Mtoto akamwambia asijisifu, mashine ndiyo iliyochapa. Ndiyo mara ya mwisho nyumba ile kuwa na kelele.

Jumatatu Chiriku alitoka kwenye mtihani wa hesabu kimya. Nilimwuliza ulikuwaje, akasema ulikuwa wa kawaida. Nilimwuliza kama ana njaa, akasema hana. Nikadhani ni uchovu. Siku zikapita, wiki zikapita, chiriku wangu anaongea kama mtu anayelipishwa kwa neno. Baba yake alijaribu utani, alijaribu kumwulizia mafumbo ya hesabu, akajibiwa “sijui, baba” kwa mafumbo aliyoyajua tangu darasa la tano.

Baada ya miezi mitatu matokeo yakatoka. Masomo yote alifaulu, hesabu akaanguka, na bila hesabu chuo cha ualimu hakimtaki. Toleo alisoma matokeo kwa sauti, akafika kwenye mstari huo, akausoma mara mbili kama mtu anayetafuta kosa la chapa. Kisha akaenda kukaa uani.

Mimi nilimfuata mtoto chumbani. “Wewe huanguki hesabu,” nilimwambia. “Usinifanye mimi mjinga. Kilitokea nini?”

“Swali la saba, mama mdogo. Lilinila saa nzima.”

“Lilisemaje?”

“x kipeo cha pili, toa e x, jumlisha sita, sawa na sifuri. Tafuta x. Halafu vipengele vitatu vinavyotegemea jibu hilo. Nikatafuta x huku e haijulikani. Nikajaza kurasa. Vipengele vilivyofuata vikawa havina maana, na muda ukaisha.”

Soma tena, mpenzi msomaji, ukiweka alama ya namba mbele ya ile e. Toa tano x. Jibu ni mbili na tatu. Hata mimi niliyeacha shule zamani nililipata kichwani nikiwa nimesimama. Lilikuwa swali la bure, la kumpa mtoto moyo.

Nilikwenda uani nikamwambia Toleo kesho yake anichapie ukurasa mmoja mzima, wa kitu chochote, kwa moduli ile aliyochapia mtihani, si ile aliyoijenga baadaye kwa diski sahihi, aniletee. Hakuuliza kwa nini. Aliuleta mchana, nikaupitisha vidole mezani, yeye amesimama nyuma yangu. Mstari wa kwanza hadi wa kumi na mbili, safi. Mstari wa kumi na tatu neno “kitabu” lilikuwa limeandikwa “kitau”.

“Mstari wa kumi na tatu umekula chumba kimoja,” nilisema. “Ule wa majaribio ulikuwa na mistari mingapi?”

Alivuta kiti. Kisha akaanza kueleza kwa sauti ya kikazi kabisa, kama anamweleza mteja: kadi ya mashine hubeba vyumba mia tano na kumi na viwili kwa mkupuo, na ukilazimisha moduli iliyojengwa kwa kompaila isiyo yake, hesabu ya mahali pa kuanzia upya inasogea kwa moja, kwa hiyo cha kwanza cha mkupuo unaofuata kinamezwa. Kurasa zote. Katika maneno mtoto hudhani ni kosa la chapa, anapita. Lakini ukurasa wa tatu wa hesabu, chumba kilichomezwa kilikuwa alama ya namba.

“Mistari kumi,” alisema mwishoni. “Ulikuwa na mistari kumi.” Akaanza kulia, nami nikalia naye, maana mkono uliompa diski ulikuwa huu wangu.

Asubuhi alikwenda ofisini, akamweleza mkuu kila kitu. Mkuu akafunga mlango. “Toleo, ndugu yangu, funika kombe mwanaharamu apite. Nani mwingine anajua?” Toleo akakataa. Aliandika barua mwenyewe kwenda kwa wakubwa wa mitihani, kurasa mbili, akiomba watoto wote kumi na wawili wasahihishwe upya swali hilo. Aliandika kwamba kosa ni lake, amelazimisha moduli akijua.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita, akatusomea mezani. Karatasi za mtihani zilikwisha kuteketezwa. Kanuni inataka kosa la uchapaji liripotiwe na mtahiniwa mle mle chumbani, kwa kunyoosha mkono, na msimamizi aliandike. Hakuna mtahiniwa aliyenyoosha mkono. Matokeo yatabaki kama yalivyo. Barua ya pili ndani ya bahasha ilikuwa yake yeye, ya kuachishwa kazi.

“Wangejuaje, watoto wa watu?” alisema Toleo. “Mtoto anajuaje kwamba karatasi ndiyo iliyokosea?”

Chiriku alikuwa pale mezani. Aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Na usiniambie angerudia mwaka uliofuata. Darasa la wasioona la shule yao lilifungwa mwaka ule ule, wakasema wanafunzi ni wachache. Mtoto akabaki nyumbani, baba yake akabaki nyumbani, na mimi nikawa natoka asubuhi kwenda ofisi ile ile, kukaa mkabala na chumba kitupu. Fundi mpya alikuja. Nilimwuliza kama anasoma nukta, akacheka, akasema atajifunza.

Toleo akawa mtu wa kukaa. Zile diski mbili alizitoa rafuni, akawa anazishika tu, moja mkono huu, moja mkono ule. Siku moja akasema, “Chiriku, nifundishe.” Nikadhani sikusikia vizuri. Mtoto akaleta kibao na kalamu ya kutobolea.

Walianza na a. Vidole vyake vilikuwa vimeungua kwa miaka ya kuunga nyaya, vigumu kama gome, havikuhisi. Wiki nzima aliichanganya d na f. Alitoa jasho, alijitukana, aliomba apumzike, alirudi. Mwezi wa pili alijua herufi zote, na kila akiifikia e alikuwa akisimama, anapitisha kidole nyuma yake kutafuta alama ya namba, hata kwenye maneno. Hakuna aliyemkataza.

Jumapili moja mchana, mimi nikikunja nguo, Chiriku alitoboa karatasi kwa muda mrefu. Alikuwa akitoboa, anaacha, anatoboa. Akamsogezea baba yake.

“Kimeandikwa nini?” akauliza Toleo kwa mazoea.

“Soma mwenyewe, baba.”

Alisoma kwa sauti, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. “N. I. L. I. J. U. A.” Akaziunganisha. “Nilijua. Ulijua nini?”

“Endelea.”

Ilimchukua muda mrefu. Nguo niliyoishika sikuikunja. “Nilijua… mle mle chumbani. Mstari wa kumi na tatu… kila ukurasa.” Alipumua. “Nilijua saa ikiwa… imekwenda. Sikunyoosha mkono.” Kidole kikarudi nyuma, kikaanza mstari upya, kikafika tena pale pale. “Wangekufukuza kazi.”

Nilimsikia Toleo anaichukua karatasi, anaigeuza, anaiweka sawa. Kisha ikanigusa mkononi.

“Shemeji,” alisema, “hebu pitisha kidole. Mimi bado mwanafunzi. Nadhani nimekosea kusoma.”

Nilipitisha kidole. Miaka kumi na tisa nimekula mshahara wa kutafuta makosa, na sijawahi kulitafuta kosa kama nilivyolitafuta siku hiyo, chumba kwa chumba, mstari kwa mstari, mara mbili. Mtoto alikuwa ameandika vizuri sana.

“Hujakosea,” nilimwambia.